Kibaba cha Tanga na Kibaba cha Changamwe

Changamwe,
Alhamisi, jioni

Mwanangu Eliza,

Salamu tulipeana asubuhi uliponiletea uji, na kuanzia kesho watu wa Tanga watakuchosha kwa salamu, kwa hiyo sitazirudia hapa. Wala sitakuandikia habari za kufunga mizigo, za maji ya mtoto njiani, au za nani atakayekupokea ukivuka Likoni. Hayo mama yako amekwisha kuyasema, naye anayajua kuliko mimi.

Naandika hapa ofisini, wenzangu wametoka. Bawabu amenipa muda kabla hajafunga mlango. Nyumbani nisingeweza. Tabitha angenipandia magotini akataka kalamu, nami ningempa.

Jumapili, tulipokuwa tukitoka kanisani, uliniuliza swali. Ulisema, "Baba, wewe ndiwe mwenye madaftari. Kati ya hapa na Tanga, wapi maisha ni rahisi? Niende na Tabitha, au nimwache kwenu mpaka mimi na Zakaria tutulie?" Nikakujibu, "Nitaangalia." Jibu hilo lilikutosha. Ulikwenda zako kuagana na wanawake wenzio, nami nikabaki nimesimama pale pale hata mzee wa kanisa akaja kuniuliza kama nina homa.

Swali lako ni lile lile nililojiuliza mimi miaka ya vita, na jibu nililolitoa wakati ule ndilo lililompeleka Yona kaburini. Unajua kwamba ndugu yako alifia Tanga. Ulikuwepo, ulikuwa na miaka kumi na miwili. Lakini kuna sehemu ya habari hii huijui, na kabla sijakujibu ni haki yako kujua ni mtu wa namna gani unayemuuliza.

Nitaanza mahali ambapo wewe ulikuwa bado huelewi mambo. Mwaka wa nne wa vita mahindi yalianza kuadimika hapa. Mama yako aliondoka alfajiri kwenda kupanga foleni, akarudi mchana na nusu ya alichokifuata, na siku nyingine akarudi na kikapu kitupu. Mshahara wangu ulikuwa ule ule wa kabla ya vita. Kila jioni nilikuwa nikiandika bei za siku ile katika daftari langu, kama ninavyofanya hata leo, na kila juma nikaona zinapanda. Mtu asiyeandika huona njaa ikija polepole. Mimi niliiona kwa tarakimu, nikadhani kwa kuwa naiona vizuri nitaweza kuikimbia.

Nikamwandikia mjomba wako Filipo kule Tanga. Nilimuuliza kibaba cha mahindi ni kiasi gani huko, na mchele, na sukari, na mafuta ya taa, na kipande cha amerikani. Alinijibu kwa uaminifu, mstari kwa mstari. Nikapiga mstari katikati ya ukurasa, upande huu nikaandika Mombasa, upande ule Tanga. Nilifurahi, mwanangu, na kuandika hivyo kunanitia aibu. Nilifurahi kwa sababu shilingi ni moja huku na kule, kichwa cha mfalme ni kile kile na simba ni yule yule, hata hakuna haja ya kubadilisha fedha. Niliona nchi hizi mbili zimelala katika ukurasa mmoja kama kitu na pacha wake, na Tanga ilikuwa rahisi karibu katika kila mstari. Kibaba cha mahindi kilikuwa senti mbili chini ya chetu.

Hapa ofisini waliniita Karani wa Bei. Walikuja mezani kwangu mchana, wakasema, "Haya, Karani wa Bei, leo tule wapi, Mombasa au Tanga?" Nami nilikuwa nikiwafungulia daftari. Kanisani nako niliwaonyesha watu wawili watatu. Nilisema maneno ambayo nayakumbuka: "Mtu mwenye akili hangoji njaa imkute."

Mama yako sikumuuliza. Nilimwambia. Alikuwa amekaa anapepeta, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Filipo ana watoto sita katika nyumba ile." Nikamjibu kwamba katika hesabu hakuna kodi ya nyumba, na hiyo ni faida yetu kubwa. Akaendelea kupepeta. Baada ya juma moja mlipanda lori la Salehe, wewe, yeye na Yona. Mimi nilibaki, nikapangisha chumba chetu kikubwa kwa kijana mmoja wa forodhani, nami nikahamia kile kidogo cha nyuma.

Sasa yale ambayo daftari halikuwa nayo. Wewe uliyajua kwa mgongo wako kabla mimi sijayajua kwa kalamu. Kuni sikuziandika, kwa sababu hapa kuni sikuzinunua mimi. Mama yako alizileta kichwani kutoka porini. Tanga mjini zilikuwa za kununua. Maji sikuyaandika, kwa sababu hapa kisima kilikuwa nyuma ya nyumba na mchotaji ulikuwa wewe. Sikuandika mchicha wa uani, wala muhogo na nazi ambazo bibi yako alikuwa akituletea kutoka Rabai kila mwisho wa juma, kwa kuwa vyote hivyo vilifika mezani bila kupitia mfukoni mwangu. Na kule chakula hakikuvuka mpaka bila kibali, kwa hiyo muhogo wa bibi yako uliishia hapa, nikaula mimi na mpangaji. Na hiyo kodi isiyokuwepo, mama yako aliilipa. Alipikia watu kumi na mmoja mara mbili kwa siku, naye na nyinyi mkala kilichobaki chini ya sufuria. Filipo si mtu mbaya. Naye alikuwa na njaa.

Kosa kubwa lilikuwa dogo kuliko yote hayo. Unamkumbuka Bi Nyevu, aliyekuwa akiuza nafaka hapa kwetu karibu na njia ya reli? Yeye alipima kibaba cha tele. Alijaza mpaka mahindi yakafanya kilima, yakamwagika pembeni, na ukimsalimu vizuri alitia na konzi moja juu. Sote tulikua tukijua kibaba ni kile. Sikumuuliza Filipo kibaba cha kwao kinapimwaje, kama vile mtu hamuulizi mwenziwe juma lina siku ngapi.

Barua za mama yako uliziandika wewe kwa mkono wako, yeye akisema nawe ukiandika. Mbili za kwanza zilikuwa za salamu. Halafu hakutaka tena kupitia kwako, nadhani hakutaka uyaandike maneno yale. Akamtuma Salehe. Salehe alinikuta hapa mlangoni, akashuka kwenye lori, akanishika mkono asiuachie.

"Karani, mama watoto anakusalimu sana. Anasema watoto wamekonda. Anasema anataka kurudi kwake."

"Amesema amekosa nini?"

"Hakusema amekosa nini. Amesema anataka kurudi. Mimi ni mjumbe tu, bwana, ujumbe ndio huo."

Jioni ile niliandika barua. Sikumwandikia mama yako wala wewe, nilimwandikia Filipo, nikanakili ukurasa wote, Mombasa upande huu na Tanga upande ule. Chini yake nikaandika: "Kama takwimu hizi zinavyoonyesha, ninyi mko mahali pa nafuu. Kuweni na subira." Filipo hakuwa msomaji mzuri. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikupa wewe umsomee mama yako, na kwamba uliisoma yote, pamoja na bei za amerikani, naye akakuambia, "Soma tena pale chini," ukasoma tena. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, na ni mimi niliyelitia neno lile mdomoni mwako. Nimetaka kukuomba radhi kwa hilo tangu siku ile. Kila nilipoanza, nilikuuliza habari za shule.

Mpaka hapa, huenda ulikuwa ukiyajua au kuyakisia. Hili linalofuata hulijui.

Baada ya juma moja Salehe alirudi. Wenzangu walikuwa nje wakivuta sigara, wakamwita aje wanifanyie mzaha. "Salehe, mwambie Karani wa Bei, Tanga bado rahisi?" Salehe akacheka, akasema, "Hesabu zake nzuri wallahi, ila hajakitia kijiti."

Nikamuuliza, "Kijiti gani?"

"Kijiti cha mwenye duka, bwana. Kule kwa yule mnayenunua nyinyi, kibaba ni cha mfuto. Akijaza, anapitisha kijiti juu, fyaa! Kile kilima chote kinarudi guniani. Wewe ulidhani watu wa Tanga wajinga, wauze rahisi na njaa hii?"

Wote walicheka, nami nikacheka nao. Kisha nikaingia ndani nikakaa kwenye kiti hiki hiki. Daftari la siku ile ninalo hapa mbele yangu. Ni Jumanne. Nimeandika: "Leo nimejua kwamba kibaba cha Tanga ni cha mfuto. Hesabu ifanywe upya." Na chini yake hesabu imefanywa upya, kwa mwandiko mzuri, haina doa. Niliongeza hata kuni, maana Salehe alinitajia na bei ya kuni. Jumla ikatoka kwamba mnaishi kwa gharama zaidi kuliko mngekuwa hapa, na mnakula pungufu. Nimeipigia mistari miwili chini, kama tulivyofundishwa shuleni.

Eliza, nilijua. Jumanne ile nilijua. Lori la Salehe lilikuwa likirudi Tanga Alhamisi, nami ningeweza kumpa neno moja tu, "njooni". Sikumpa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na majibu niliyokuwa nikijipa zamani yalikuwa ya kujitetea. Leo nitakupa la kweli. Yule mpangaji alikuwa amelipa mpaka mwisho wa mwezi, na mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi na tisa. Fedha za kumrudishia nilikuwa nazo. Angeondoka bila ugomvi, alikuwa kijana mpole. Lakini mimi hesabu zangu huzifunga mwisho wa mwezi, na sikutaka kuukata mwezi katikati. Na sikutaka wenzangu wawaone mkishuka kwenye lori juma lile lile walilocheka. Nilijiambia, siku kumi na tisa si nyingi kwa watu wanaokula, hata kama ni kidogo.

Yona alishikwa na tumbo siku ya tisa, akafa siku ya kumi na moja. Nilipofika walikuwa wamekwisha kumzika, kwa sababu ya joto. Wewe ndiye uliyenionyesha mahali. Ulinishika mkono ukanipeleka, ukasema, "Ni hapa, Baba," kama mtu anayeonyesha nyumba. Nimefungua daftari la siku ile pia. Nimeandika nauli ya kwenda na nauli ya watu watatu kurudi. Hakuna neno jingine.

Tuliporudi, mama yako alisimama nje ya mlango na furushi lake, akaniuliza jambo moja tu. Aliuliza, "Mpangaji ameshatoka?" Wewe ulikuwepo, labda ulidhani anauliza mahali pa kuweka mizigo. Nami nilijaribu kudhani hivyo. Sijui nani alimwambia, wala sijapata kumuuliza. Tangu siku hiyo anapika, anafua, anaimba kanisani, ananiuguza nikiugua, na neno la Yona halijapita kati yetu. Ni miaka sasa. Nimeishi nyumba moja na mtu anayenijua kabisa, wala hakuna mahali pa kujificha.

Ndiyo maana Jumapili nilisema, "Nitaangalia." Nikaangalia kweli, kwa kuwa sijui kufanya jambo jingine. Juma hili lote nimeuliza madereva na wachukuzi wanaotoka kule. Safari hii niliuliza tele au mfuto, niliuliza kuni na maji, niliuliza nani anapika na nani anakula mwisho. Nitakueleza nilichokiona. Mahindi ya kule ni nafuu kidogo msimu huu. Nguo ni ghali huku na kule, na kaniki ya leo haifiki miezi sita. Mshahara wa Zakaria katika shamba la mkonge utakuwa chini ya aliokuwa akipata bandarini kabla hawajampunguza kazini, lakini atapewa chumba kambini na posho ya unga. Hapa hakuna posho, na kodi imepanda mara mbili tangu vita viishe, nami mshahara wangu haukupanda hata mara moja ya maana. Unajua tunachokula. Ukijumlisha vyote, tofauti ya nchi hizi mbili haitoshi kununua kiberiti. Nilikuwa nikiamini kwamba mahali fulani, ng'ambo ya mstari, pana maisha ambayo mtu kama sisi anaweza kuyamudu, na kazi ni kuyatafuta kwa makini. Siamini tena. Wanaopima kwa tele wamekufa au wameacha biashara. Bi Nyevu mwenyewe, mwaka aliokufa, alikuwa na kijiti.

Nami nina jambo la mwisho la kukiri, nalo ni la jana. Jana nilianza kuandika ukurasa mpya ili nikupe wewe. Upande wa Tanga nikazipandisha bei. Si sana, senti moja hapa, senti mbili pale, kiasi ambacho usingetilia shaka, kwa kuwa ni mwandiko wangu. Nilitaka itoke kwamba Tabitha abaki. Asubuhi hunijia na kiatu kimoja akaniita tsawe, kama watoto wote wa Rabai wanavyomwita babu yao, na mama yako hucheka anapomsikia. Hacheki katika nyumba ile kwa jambo jingine. Nilijiambia natafuta nafuu ya mtoto, lakini nilikuwa natafuta yangu. Nilifika mstari wa sukari nikaweka kalamu chini.

Kisha nikafanya jambo ambalo sikulifanya mwaka ule. Nilimkuta mama yako anachambua mchele, nikakaa chini karibu naye, nikamuuliza, "Mama Eliza, wewe waonaje? Mtoto abaki au aende?"

Hakunitazama. Akasema, "Leo waniuliza."

Nikasema, "Ndiyo. Nakuuliza."

Akaokota chuya mbili tatu akazitupa. "Mtoto aende na mamake. Wakishiba washibe pamoja, wakilala na njaa walale pamoja. Mtoto akililia njaa mikononi mwa mamake, mamake atatoka usiku huo huo atafute. Mtu wa mbali huandika barua."

Akainuka na ungo wake akaingia ndani. Hakulisema kwa hasira. Ningependa angelisema kwa hasira.

Basi hilo ndilo jibu lako, nalo si langu. Mchukue Tabitha. Sikuambii kwamba itakuwa vema. Sioni vema popote, si huku wala kule, na mtu aliyekuambia kambi za mkonge zina afya alikuwa anataka kukufariji. Nakuambia tu kwamba mwenye kupika ndiye anayejua bei ya maisha, na kule mpishi utakuwa wewe. Ukiona unga haufiki, usimwandikie baba yako kumuuliza kama kweli haufiki. Usingoje ruhusa yangu, wala ya Zakaria, ingawa ni mume mwema. Mbebe mtoto upande gari lolote linalokuja huku, saa yoyote. Utatukuta na chumba kilichojaa watu na sufuria ndogo, nasi hatutakuuliza kwa nini umekuja.

Bawabu anatikisa funguo. Barua hii nitaitia ndani ya kitabu chako cha nyimbo, uisome mkishapita mpaka wa Lungalunga, isiwe kabla.

Kesho sitakuja kivukoni. Nimewaambia watu nimepangiwa zamu, na mwenyewe nimeiomba zamu hiyo. Nikikuona umempakata yule mtoto, nitasema, "Mwache," nawe, Eliza, hujapata kunikatalia neno.

Baba yako